Pete za uchumba zenye jiwe la pembe: tazama ncha kabla ya rangi

Assalaam aleikum, karibuni tena ndugu zangu. Leo mezani nina pete tatu za uchumba, na hakuna hata moja yenye jiwe la duara. Hii ya kwanza ni almasi ya pembesita. Ya pili ni tanzanaiti iliyokatwa kwa umbo la tiara, ile ya karatasi wanayorusha watoto, juu fupi na chini imechongoka. Ya tatu ni safaya kutoka bonde la Umba, Tanga, nayo ni pembesita lakini imerefushwa. Mbili nimeazimwa na sonara wa hapa Mji Mkongwe, na moja ni ya binamu yangu aliyeridhia niwaonyeshe.

Nimekaa dirishani makusudi. Taa za dukani zimewekwa ili kila kitu kimetamete, hata kipande cha chupa kitametameta. Ukienda kununua, omba utoke na pete hadi barazani, uitazame kwenye mwanga wa jua, kisha uitie kivulini. Muuza mkweli hatakataa, atasimama na wewe mlangoni.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Almasi ya duara ina kanuni yake. Kwa kawaida ina nyuso 57 au 58, na tangu mwaka 1919, Marcel Tolkowsky alipochapisha hesabu zake za almasi, wakataji wanajua takriban kina gani na mwinamo gani unarudisha mwanga juu kwenye jicho. Mwaka 2006 maabara ya kupima vito ya GIA ya Marekani ikaanza kutoa daraja la mkato, na daraja hilo liliandaliwa kwa ajili ya almasi ya duara. Pembesita, tiara, ngao, trapeza, hayo kila mkataji anakata kwa anavyoona yeye. Kwa hiyo cheti cha jiwe kama hili kitakwambia uzito, rangi na usafi, lakini hakitakwambia kama limekatwa vizuri. Kazi hiyo ni ya macho yako.

Nasogeza kamera. Tazameni hii tanzanaiti kwa juu, katikati yake. Mnaona ngozi ya kidole changu? Pale mwanga umepita moja kwa moja ukatokea chini, haukurudi. Jiwe lina dirisha. Kama halijafungwa kwenye pete, liweke juu ya gazeti. Ukisoma herufi kupitia katikati yake, basi limekatwa bapa mno kwa chini. Sasa tazameni safaya. Nyuso zake zimepangwa kama ngazi, chache na pana, na nikiinamisha kidole mwanga unahama ngazi moja baada ya nyingine. Haitupi cheche kama duara. Mng'ao wake ni wa polepole, na mimi binafsi naupenda zaidi. Ila mjue mkato wa ngazi hauna pa kuficha: doa likiwemo ndani, utaliona kila siku.

Halafu usawa. Jicho linasamehe jiwe la umbo la yai lililopinda kidogo, lakini pembesita haisamehewi. Tafuta ncha ya juu na ncha ya chini, vuta mstari kwa macho, uone kama unapita katikati ya jiwe na kama unaendana na kidole. Hii almasi pande zake zimelingana, lakini sonara ameigeuza kidogo sana wakati wa kuifunga. Mnaona? Ukishaliona hilo hutaacha kuliona.

Tuje kwenye ncha zenyewe, kwa sababu kwangu hili ndilo linaloamua pete. Watu husema almasi ni ngumu kuliko vyote, na ni kweli, kwenye kipimo cha Mohs ni 10. Lakini kipimo kile ni cha kukwaruzika. Kupasuka ni habari nyingine. Almasi ina mielekeo minne ambayo ikigongwa sawasawa inachanika, na ncha nyembamba ndiyo ya kwanza kumeguka. Safaya ni 9 na haina udhaifu huo wa kuchanika. Tanzanaiti iko kati ya 6 na 7, na ina mwelekeo mmoja ambao inapasuka kwa urahisi. Vumbi la kawaida la nyumbani na barabarani lina chembe za madini ya kwazi (quartz), ambayo ugumu wake ni 7. Mchanga wetu mweupe wa pwani unatokana na matumbawe na ni laini, hauna neno. Linalokula uso wa tanzanaiti ni lile vumbi unalolifuta na kitambaa kikavu kila siku.

Nasema hivi na roho inaniuma, maana tanzanaiti ni yetu, haichimbwi popote duniani isipokuwa Mererani, iligunduliwa mwaka 1967, na jina lenyewe lilitolewa na Tiffany, kampuni ya vito ya New York, mwaka uliofuata kwa heshima ya nchi. Tazameni ninavyoigeuza: hapa buluu, hapa zambarau. Hakuna jiwe jingine mezani hapa linalobadilika wazi namna hii. Lakini tanzanaiti ya umbo la tiara, yenye ncha ndefu namna hii, kwenye mkono wa mwanamke anayekuna nazi, anayekanda unga, anayefungua mlango wa daladala? Siishauri. Ifanyeni kidani au vipuli, itadumu miaka. Ukiitaka lazima iwe pete ya uchumba, chagua yenye pembe zilizokatwa butu, na usikubali isafishwe kwenye ile mashine ya kutetemesha maji. Maji vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini vinatosha.

Tazameni jambo jingine. Huu ni mtandio wangu wa shifoni. Naupitisha juu ya safaya, ambayo imezungushiwa ukingo wa dhahabu pande zote. Unateleza. Naupitisha juu ya tanzanaiti, iliyoshikwa na makucha, yaani vijino vya dhahabu. Basi, umeshika hapo hapo kwenye ncha ya chini, na nikivuta uzi unatoka. Sisi tunaovaa mabuibui na mitandio tutaliona hili asubuhi mpaka usiku. Na kila uzi unaovutwa unalegeza ukucha kidogo, hadi siku moja jiwe linabaki Darajani na wewe umefika Amani. Kama unapenda makucha, kila ncha ifunikwe na ukucha wa umbo la V, wa kukumbatia pande zote mbili. Makucha yakikaa ubavuni na kuiacha ncha wazi, rudisha pete.

Ukingo kamili una kasoro yake pia. Unakula mwanga kidogo, na kama umezibwa kwa nyuma, sabuni na mafuta vinakaa chini ya jiwe na jiwe linafifia. Omba nyuma iachwe wazi. Halafu kuna udhu: pete pana ya kubana lazima uisogeze maji yafike kwenye ngozi, kwa hiyo isiwe ya kung'ang'ania kidole.

Kuhusu dhahabu nitasema kwa ufupi. Hapa visiwani tumezoea dhahabu ya Uarabuni, karati 21 na 22, alama 875 na 916, na akina mama wakiona chini ya hapo wanakunja uso. Kwa bangili na mkufu wako sahihi. Kwa makucha yanayolinda ncha ya jiwe, dhahabu hiyo ni laini, inapinda. Mwambieni mama kwa adabu kwamba karati 18, alama 750, bado ni robo tatu dhahabu safi, na ile robo nyingine ndiyo inayolishika jiwe.

Turudi kwa hii almasi. Ni ile wanayoiita chumvi na pilipili, imejaa vidoa vyeusi na vyeupe ndani yake, na imekatwa bapa kwa chini, juu ina nyuso chache. Kwa kuwa haina kina, uso wake ni mkubwa kuliko almasi ya duara ya uzito uleule. Kwa vijana wenye bajeti ya wastani wanaotaka almasi ya asili, naiona ni chaguo zuri sana. Lakini siku ya kupeleka posa, shangazi wa bibi harusi atainyanyua na kuuliza mbona jiwe lina weusi. Mchumba wako awe anajua jibu, na kwanza awe ameipenda mwenyewe. Halafu tazama kwa kioo cha kukuzia: doa likiwa katikati ni pambo, ufa ukifika kwenye ncha ni hatari. Hii ina mstari mweupe kwenye pembe ya kushoto. Nisingeichukua.

Kuna atakayeniuliza habari ya moisanaiti, jiwe linalofanana na almasi. Ni nzuri, ugumu wake 9.25, siku hizi zote za kwenye pete zinatengenezwa kiwandani, na bei yake ni nafuu sana kuliko almasi. Nunua ikiwa umeambiwa ni moisanaiti. Angalieni tu kile kipimo cha kalamu kinachopima joto peke yake, kinaweza kukwambia moisanaiti ni almasi. Muuzaji akikitegemea hicho kama ushahidi, ondoka.

Kati ya hizi tatu mimi ningevaa safaya, bila kusita. Ncha zake zimefunikwa, jiwe ni gumu, rangi yake kijani inayoingia buluu, na mkato ni safi.

La mwisho ni la wanaopanga kuongeza pete ya ndoa baadaye. Pete iliyonyooka haitakaa vizuri kando ya jiwe lenye ncha inayoshuka chini, itaacha mwanya. Inabidi ichongwe kwa kufuata pembe, na ni rahisi zaidi kwa sonara akizitengeneza zote mbili pamoja. Na kidole kipimwe jioni, joto la kaskazi likiwa limekwisha kukivimbisha, kwa sababu kuipanua pete yenye ukingo wa pembe kunausumbua ukingo na jiwe likalegea. Kama posa ni ya siri, kaka yangu, usikisie. Muombe dada wa mchumba wako akuazimie pete anayoivaa kidole kile kile, mpelekee sonara, na uirudishe siku hiyo hiyo kabla hajaitafuta.