Tahadhari: miche ya viazi "ya maabara" yenye udongo ndani ya chupa

Wakulima wenzangu wa Goma, Nyiragongo na Masisi, kuna kijana anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza miche ya viazi mviringo. Anasema ameitoa maabara, Bukavu. Nilimtumia dola 90 kwa simu, chupa 60 (miche hii hukuzwa kwenye jeli ndani ya chupa, si kwenye udongo), naye akazipakia kwenye boti ya usiku.

Asubuhi nikazipokea bandarini ndani ya katoni ya sabuni, zimelazwa ubavu, jeli imemwagikia majani. Mche wa maabara husafiri umesimama wima, kizibo kimefungwa vizuri, mbali na jua na joto la injini. Nilipompigia akasema ni mawimbi ya ziwa. Nikamwamini.

Nyumbani nikainua chupa moja dirishani. Chini ya shina, katikati ya jeli, kulikuwa na chembe ya udongo, ndogo kama punje ya ulezi. Jamani, mche wa maabara haujawahi kugusa udongo! Jeli ile ina sukari, kijidudu chochote kikiingia kinastawi. Ndiyo maana maabara huipika kwa mvuke wa nyuzi 121 na kukatia miche kwa kisu kilichopitishwa motoni. Huyu alikata vikonyo shambani akavichomeka tu. Siku ya tatu chupa nyingi zilishaota ukungu.

Mama mkwe alinikataza kupanda zilizobaki. Dola 90 ziliniuma, nikapanda shambani Kibumba. Wiki ya tano miche ikaanza kulegea mchana, majani bado ya kijani. Nikakata shina, nikalisimamisha kwenye glasi ya maji safi: uzi mweupe kama maziwa ukashuka taratibu. Mnyauko wa bakteria. Kipande kile cha shamba sasa hakifai viazi, nyanya wala biringanya kwa miaka, na maji ya mvua yanateremka kwa jirani yangu, ambaye hakununua chochote. Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Msilipe kabla ya kufungua katoni. Inueni kila chupa kwenye mwanga: jeli iwe safi, na pameandikwa aina ya kiazi na tarehe ya kukatwa. Zake hazikuwa na maandishi yoyote.

Amenifungia namba. Picha za chupa na katoni ninazo. Uliyeuziwa naye, niandikie inbox twende SENASEM (idara ya taifa ya mbegu) pamoja, na kama bado hujapanda, usipande.