Kasha la kifaa ulichounda mwenyewe: punje za maji moto au boksi la dukani?

Punje za polikaprolaktoni, aina ya plastiki, hulainika kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi. Unazitia kwenye maji moto. Zikishaacha weupe na kuwa angavu kama kioo, unazikusanya na kuzifinyanga kama udongo. Hapo ndipo zinapolishinda boksi: saketi yenye umbo la ajabu, kitufe kilichokaa upande, mshikio unaofuata kiganja chako. Ukikosea, rudisha kwenye maji uanze upya. Boksi ukilitoboa vibaya, tundu hilo utaishi nalo. (Futa maji yote kwanza, na usifinyange moja kwa moja juu ya saketi, plastiki itang'ang'ania nyaya.)

Kwa joto, boksi la plastiki ya ABS halina mpinzani, kwani huanza kulainika karibu na nyuzi 105. Kifaa kinachopata moto, au kitakachoachwa ndani ya gari juani, usikiamini kwa punje. Na kubadili betri? Boksi, skrubu nne tu. Kasha la punje lazima ulifinyange vipande viwili tangu mwanzo, jambo ninalolikumbuka nikishamaliza.

Kifaa kimoja cha mkononi, ningefinyanga. Vitano vinavyofanana, au chochote cha umeme wa ukutani, boksi.