Barakoa ya vichujio viwili kwa wachimbaji wa shaba: tathmini ya miezi minne

Kikundi chetu cha wachimbaji wadogo wa shaba wilayani Mpwapwa kilinunua barakoa sita za mpira, zenye vichujio viwili pembeni, katika duka moja la vifaa vya usalama jijini Dodoma, kwa shilingi 45,000 kila moja. Ninaandika kwa sababu wenzetu wengi bado wanajifunga kitambaa puani wakiamini kwamba wamejikinga.

Mwamba wetu una kwatzi, madini magumu yenye silika, na unapotobolewa au kusagwa kwenye kalasha, yaani mashine ya kusagia mawe, hutoa vumbi la silika, ambalo chembe zake za hatari zaidi ni ndogo mno kuonekana kwa macho na hupenya kitambaa bila shida. Vumbi hilo hutia makovu mapafuni. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, na humweka mtu karibu zaidi na kifua kikuu.

Kazi yake barakoa hii inaifanya vizuri. Jioni ya siku ya kwanza vichujio vilikuwa vimegeuka kijivu, lakini nilipopitisha kidole ndani ya mpira kilitoka kisafi, wala sikutema kohozi lenye vumbi kama nilivyozoea. Mwenye ndevu hana budi kunyoa, kwani ndevu huacha mwanya.

Lawama yangu ni kwa muuzaji. Alituahidi vichujio vya akiba, lakini tuliporudi wiki ya tano hakuwa navyo, tukasubiri mzigo kutoka Dar es Salaam kwa siku kumi na tisa. Kichujio kikiziba, mtu huvuta hewa kwa taabu, na mwishowe huivua barakoa humo humo duarani, yaani ndani ya shimo la mgodi.

Gari la umeme, linalosifiwa kuwa safi, hutumia takribani kilo 80 za shaba, zaidi ya mara tatu ya gari la petroli. Shaba hiyo haiwezi kuitwa safi ikiwa mawe yake yamepondwa na mama asiye na kinga, na hapa nakiri kwamba barakoa zote sita tuliwapa wanaume wa duarani. Sasa tunayamwagia mawe maji kabla ya kuyaponda, jambo ambalo tulipaswa kulianza kabla ya kununua chochote.

Anayekwenda kununua achukue vichujio vya akiba siku hiyo hiyo, na kabla ya kulipa aivae barakoa, azibe vichujio kwa viganja na kuvuta hewa: mpira usiponyonywa usoni, aombe saizi nyingine.