Programu ya kunoa poka isiyo na kikomo cha dau: ilichonipa na isichoweza

Kama unatafuta programu ya kukuambia "weka", "fuata" au "tupa" kisha uende mezani ukale, hii haitakufaa, na sidhani kama ipo itakayokufaa. Nimelipia kifurushi cha kawaida, baadaye nikahamia kile kikubwa, na faida niliyoipata imetoka sehemu ambayo matangazo yake hayaigusi kabisa. Jina lake naliacha. Programu za aina hii zimefanana mno, kwa hiyo ninayoyasema yatakuhusu hata ukichukua nyingine.

Kwa asiyezijua: unaipa programu hali fulani ya mchezo wa Texas Hold'em, yaani nani kakaa wapi, kila mtu ana chipu ngapi na karata gani ziko mezani. Inajigawa watu wawili na kucheza yenyewe kwa yenyewe mara nyingi sana. Kila mara inajiuliza ingepata ngapi zaidi kama ingecheza vingine, inajirekebisha, hadi inafika mahali ambapo hakuna upande utakaofaidika kwa kubadili mchezo wake peke yake. Hali hiyo ya mizani ndiyo ambayo mwanahisabati John Nash alithibitisha mwaka 1950 kwamba ipo. Njia za ukoo huohuo ndizo zilizotumiwa na Libratus, mashine ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliyowashinda wachezaji wanne wa kulipwa mwaka 2017 katika mikono 120,000 (mkono ni mgao mmoja wa karata), kila mmoja akicheza nayo ana kwa ana. Kilichowasumbua sana ni madau yaliyozidi poti yenyewe (jumla ya chipu zinazogombewa), kitu ambacho binadamu wengi walikuwa hawakitumii sana. Usishangae basi programu ikikushauri uweke chipu 450 kwenye poti ya 300.

Majedwali ya kuingilia mchezo nayapitia haraka, maana kila programu inayo. Meza ya watu sita, aliyekaa wa kwanza anafungua (anaingia kwa kupandisha dau) chini ya asilimia 20 ya mikono yake, wa batani, yaani anayecheza mwisho raundi nyingi, anafika asilimia 40 na ushee. Ni kweli, yanafaa, yakariri uendelee mbele. Ila kuna jambo nililigundua mwenyewe bila kuambiwa na mtu: majedwali ya kifurushi cha kawaida yamepigiwa hesabu bila kamisheni ya meza. Wenye meza wakikata chao kwenye kila poti, ile mikono ya pembeni unayofuata nayo ukiwa blaindi kubwa (aliyelazimika kuweka dau kabla ya kuona karata) inageuka hasara. Kwenye kifurushi kikubwa unachagua mwenyewe asilimia ya kamisheni, na ukiichagua jedwali linapungua waziwazi. Kitu cha msingi hivi hakikustahili kufungiwa kwenye bei ya juu.

Jambo la kwanza lililobadilisha mchezo wangu ni kuhesabu mikono ya mtu badala ya kumbashiria mkono mmoja. Kuna zoezi dogo la hilo, watu hulipita wakidhani ni la wanaoanza. Chukua mchezaji mgumu kabisa, ambaye akipandisha mara ya pili kabla ya flopu (karata tatu za kwanza za mezani) ana AA, KK au AK tu kwenye karata zake mbili za mkononi. Wewe umeshika QQ. Wengi wataguna na kutupa, "huyu ana A mbili." Lakini AA inapatikana kwa njia 6, KK kwa njia 6, na AK kwa njia 16. Zaidi ya nusu ya mikono yake ni AK, ambayo bado uko mbele yake kidogo. Jumlisha zote na QQ yako ina takriban asilimia 40 ya kushinda. Si sababu ya kusukuma zote kila mara, ila si takataka. Sasa badili: umeshika AK. A yako moja na K yako moja zimeondoka kwenye pakiti, kwa hiyo AA zake zinabaki 3, KK zake 3, na AK zake 9. Zoezi hili hata penseli na karatasi vinalitosha, na ningelipenda hata kama programu isingekuwa na kitu kingine.

Halafu kuna sehemu ya mazoezi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Uko blaindi kubwa na KJ, wa batani kapandisha, umefuata. Mezani pameshuka K ya shupaza, 9 ya shupaza, 4 ya uru. Turni, karata ya nne, ni 2 ya pau. Riva, ya tano na ya mwisho, ni 7 ya kopa. Jamaa kaweka dau flopu, kaweka turni, na sasa poti ina 300 naye anasukuma 300. Bei yako ni nyepesi kuihesabu: unatoa 300 kugombea 600, kwa hiyo ukiwa mbele mara moja katika tatu umerudisha chako. Jozi yako ya K dhidi ya dau kama hilo inashinda blafu (dau la kutisha la mtu asiye na kitu) na si zaidi.

Programu inakuletea KJ hiyo kwa sura mbili: mara J ni ya kopa, mara ni ya shupaza. Kwa macho ni mkono uleule. Yenyewe inataka ufuate zaidi na J ya kopa. Sababu ni kwamba blafu nyingi za jamaa ni mikono iliyokuwa ikisubiri shupaza ya tano, ikakosa: AJ, QJ, J10 za shupaza. Ukiwa na J ya shupaza mkononi, zote hizo hawezi kuwa nazo. Umempunguzia blafu, na blafu ndiyo kitu pekee unachoweza kukishinda. Siku nilipolielewa hilo nilijiona bingwa wa dunia.

Mfumo wa alama, kwa upande mwingine, ni kero tupu. Kuna mahali programu inasema fuata asilimia 60, tupa asilimia 40. Ukitupa, inakuwekea rangi nyekundu kana kwamba umevuruga. Lakini kwenye mizani, mkono unaochezwa kwa namna mbili unachezwa hivyo kwa sababu namna zote mbili zinalipa sawasawa. Yenyewe inajua, takwimu ziko pembeni kwa maandishi madogo, na bado inakunyima pointi. Mtu mgeni atatumia jioni nzima kukimbiza kijani ambacho hakina hata senti ndani yake. Dawa yake ni kuzima alama kwenye mipangilio na kusoma safu ya thamani tu.

Sasa ile sehemu isiyotangazwa. Ndani kabisa ya menyu kuna kitufe cha kumfungia mpinzani tabia. Unaiambia programu: huyu mtu hachezi kama wewe, kwenye riva anapiga blafu mara moja tu katika nne. Rudi kwenye mkono uleule wa KJ. Kwenye mizani, dau la ukubwa wa poti lina blafu moja kwa kila mikono miwili ya kweli, na ndiyo maana ulikuwa unasitasita. Akishuka hadi moja katika nne, bei yako bado inadai moja katika tatu, na kila KJ inaenda kwenye takataka, J iwe ya kopa au ya shupaza. Mpandishe hadi mbili katika tano, na programu inafuata na karibu kila kitu kinachoshinda blafu. Ule ujanja wote wa J niliokuwa nikijivunia unazimwa na badiliko dogo la tabia ya mtu mmoja.

Ukiuchezea mchezo huu kwa mahali tofauti tofauti, unaanza kuuliza maswali mengine ukiwa mezani. Huyu aliyeweka dau mara tatu mfululizo, nimewahi kumwona akionyesha blafu? Akifuatwa huwa anafunua nini? Wachezaji wa madau madogo ninaokutana nao hawapigi blafu vya kutosha kwenye riva wakiweka madau makubwa, na kwa watu hao mizani ya mashine ni njia ghali ya kuwalipa. Jibu la mashine linakulinda usiliwe na bingwa. Linaacha pesa mezani mbele ya mtu wa kawaida.

Mahali programu inapokwama ni poti za watu watatu na zaidi. Hili si uzembe wa waliotengeneza. Kwa watu wawili, mizani ina uhakika: ukiishikilia, kwa wastani mwenzako hawezi kukula. Akiingia wa tatu, uhakika huo haupo tena, na hesabu zenyewe zinavimba. Pluribus, mashine nyingine ya poka, ya mwaka 2019 iliwashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita, ila ushindi ule si sawa na kukupa wewe jedwali la majibu. Programu hii inatoa majibu ya watu watatu yaliyorahisishwa, na baadhi yanapingana yenyewe kwa yenyewe ukibadili dau kidogo tu. Kwa mtu ambaye poti zake nyingi zina watu wanne flopu, huo ni upungufu mkubwa.

Kupakia mikono uliyocheza ni rahisi, na mstari unaotenganisha bahati na uchezaji unasaidia kutuliza kichwa. AA dhidi ya KK kabla ya flopu inashinda takriban asilimia 82, maana yake karibu mara moja katika kila tano na nusu unaliwa na hukukosea chochote. Angalizo moja: kumbi za mtandaoni zinakataza kuifungua wakati unacheza, na akaunti hufungwa kwa hilo. Ni ya kabla na ya baada.

Nani ainunue? Mwenye kuweka kumbukumbu ya mikono yake, anayecheza zaidi poti za watu wawili, na mwenye subira ya kukaa na hali moja hadi aichoke. Kifurushi cha kawaida sikipendekezi kwa yeyote, maana kile kitufe cha kufunga tabia hakimo. Mimi hulipia kikubwa mwezi ninaojua nitapata nafasi ya kukaa nacho, nikibanwa nasimamisha, na mikono niliyopakia huikuta palepale nikirudi.