Shokapu za Subaru Forester kwa barabara ya kona: anza na mpira ambao haumo kwenye boksi

Barabara ya Mombo kwenda Lushoto naijua tangu nikiwa napakatwa. Mwaka jana, nikipanda kumwona mama, niliingia kona ya kulia kabla ya Soni kwa mwendo uleule ninaoingia siku zote. Katikati ya kona ile lami imebonyea kidogo. Nikasikia "ngo!" mbele upande wa kushoto, usukani ukawa mwepesi ghafla, na gari likasogea nje karibu nusu mita kuelekea mtaroni. Nyuma alikuwa amelala mtoto wa dada yangu.

Shokapu za mbele zilikuwa na miezi minne tu. Nilizinunua Kariakoo kwa laki tatu na nusu jozi moja, boksi jipya, muuzaji akaniapia kwamba ni orijino. Gereji walipotoa tairi tukakuta mafuta yamevuja na kugandiana na vumbi hadi kwenye springi. Ile kava ya mpira inayofunika chuma cha shokapu haikuwepo, wala stopa, yaani ule mpira mgumu unaokaa juu ya chuma hicho ili gari likibonyea sana lisigonge chuma kwa chuma. Nikamuuliza fundi vimekwenda wapi. "Dada, vya zamani vilikuwa vimeoza, tukavitupa. Na kwenye boksi jipya havikuwemo." Alisema kweli. Shokapu nyingi zinauzwa bila stopa na bila kava, unanunua kando. Dukani hakuna aliyeniambia, gereji hakuna aliyeuliza, na mimi sikujua.

Kwa hiyo hapa sitaanza na bei wala ulaini wa kiti. Kila shokapu naipima kwanza kwa swali moja: stopa na kava zake zinapatikana? Tangu niandike kwa mara ya kwanza kuhusu kona ile, wasomaji wawili wa Forester wameniletea malalamiko yaleyale, mmoja akiwa Mbeya na mwingine Arusha, na wote wawili walipovua tairi walikuta chuma kitupu.

Elewa kinachotokea kwenye kona. Uzito wa gari unahamia magurudumu ya nje. Kiasi gari litakacholala kinaamuliwa na springi pamoja na stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Shokapu inaamua litalala kwa kasi gani na litatulia upesi kiasi gani. Ndiyo maana mtu anafunga shokapu mpya kwenye springi zilizochoka halafu analalamika kwamba gari bado linalala. Sasa gurudumu la nje likiwa tayari limebonyea, likakutana na shimo, shokapu inafika mwisho wa safari yake, yaani haiwezi kubonyea zaidi. Stopa nzuri inapokea pigo hilo taratibu. Kama haipo, chuma kinagonga chuma, mzigo wote unaliangukia tairi kwa mkupuo, na tairi linateleza. Hiyo ndiyo "ngo!" niliyoisikia. Kava nayo kazi yake ni kuzuia vumbi na mchanga visikwaruze kile chuma kinachong'aa. Kikikwaruzwa, kila kinapopanda na kushuka kinakata sili, yaani mpira unaozuia mafuta yasitoke, mafuta yanatoka, na shokapu imekwisha hata kama imetengenezwa na malaika.

Gari langu ni Subaru Forester SG5, lile la kati ya 2002 na 2007. Lina struti nne, yaani shokapu zinazobeba springi juu yake, mbele na nyuma, kwa hiyo ninayosema yanakuhusu pia ukiwa na Impreza ya miaka hiyo.

Namba moja kwangu ni KYB Excel-G, na sifichi kwamba naipenda kampuni hii. Ni Wajapani, jina linatokana na Shiro Kayaba aliyeianzisha mwaka 1919, na wanatengeneza shokapu zinazofungwa kwenye magari mapya kiwandani. Excel-G ni ya mirija miwili yenye gesi, na kusudi lake ni kulirudisha gari kwenye tabia liliyozaliwa nayo. Watu wanaidharau kwa sababu haina rangi ya kung'aa wala skrubu ya kurekebisha. Mimi nasema Forester iliyorudi kwenye tabia yake ya kiwandani inashika kona vizuri kuliko nyingi ninazoziona zimefungwa vitu vya mashindano juu ya bushi zilizokatika, ile mipira ya kwenye maungio. Kilichoniteka moyo zaidi ni kwamba KYB wanauza stopa na kava kama seti, kwa namba yake. Nilipata seti ya mbele kwa elfu sitini. Najua kwamba mwaka 2018 kampuni hiyohiyo ilikiri kughushi takwimu za vifaa vya kuzuia majengo yasitikiswe na tetemeko. Jambo lile lilinisikitisha, lakini halikuhusu shokapu za magari, na zangu zina miezi kumi na nne bila tone la mafuta.

Ukipata mtu wa kukuagizia kutoka Japani, mwambie akutafutie New SR Special, za hawahawa KYB. Ni ngumu kidogo kuliko Excel-G na gari linatulia haraka zaidi ukibadilisha upande kutoka kona moja kwenda nyingine. Kwa anayepanda mlima Kitonga kila wiki ningemwambia achukue hizi. Sikuzichukua kwa sababu nilihitaji gari wiki ileile.

Ya pili ni Tein EnduraPro, ya Japani pia. Hawa wamelifikiria tatizo langu kuliko wote: ndani ya shokapu wameweka stopa ya mafuta, kwa hiyo ikikaribia mwisho wa safari inajikaza yenyewe badala ya kutegemea mpira peke yake. Ile iitwayo EnduraPro Plus ina hatua 16 za kukaza na kulegeza. Kama zingekuwa zinapatikana kirahisi ningezipa namba moja bila ubishi. Lakini Dar nilizunguka siku mbili bila kuziona zikiwa nne za gari langu, na sitaki kumwambia mtu anunue kitu ambacho ikiharibika moja atasubiri meli.

Ya tatu ni Bilstein B6, zile za njano za Wajerumani. Ni za mrija mmoja na gesi ya shinikizo kubwa, hazichoki upesi kwa joto, na kwenye kona zinalishika gari kama limepigwa misumari. Kwenye lami nzuri hazina mpinzani. Kwenye kokoto za kijijini kwetu kila jiwe utalihesabu, na bei yake ni ya mtu aliyekwisha kulipa ada za watoto. Angalizo: B8 zimetengenezwa kwa ajili ya springi fupi. Usizifunge kwenye springi za kawaida kwa sababu tu muuzaji amebaki nazo.

Koilova za kushusha gari, yaani shokapu na springi za pamoja zinazorekebishwa kimo, siziweki kwenye orodha. Ukilishusha unapunguza safari ya shokapu, stopa inagongwa mapema zaidi, na barabara zetu zina matuta kila kijiji.

Zisizo na jina, na za mtumba: zilizokatwa kwenye magari mengine hujui zimetembea wapi, na zisizo na jina huwezi kupata stopa yake. Basi.

Jambo moja la Forester ambalo limewatia watu hasara. Baadhi yake zilikuja na shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe gari likibeba mzigo. Utazijua kwa unene. Mwili wake ni mnene kuliko shokapu ya kawaida. Springi zake ni laini makusudi, kwa kuwa shokapu ndiyo inayosaidia kubeba. Ukitoa hizo ukafunga za kawaida ukaacha springi zilezile, gari linakaa chini nyuma kama ng'ombe aliyechoka. Lazima ununue na springi za nyuma za kawaida. Badala ya kusema hivyo, mafundi wengi wanakutia spesa, kipande kinachokaa kati ya shokapu na mwili wa gari. Spesa inainua mwili wa gari na kitovu cha uzito wake, springi inabaki laini vilevile, na kwenye kona gari linalala zaidi. Ukiona Forester imesimama juu kama mbuni, ujue dereva wake anapunguza mwendo kwenye kona ambazo ilizaliwa kuzipita bila wasiwasi.

Baada ya shokapu, pesa inayofuata ipeleke kwenye bushi za mikono ya chini, ile inayoshika gurudumu kwa chini, na linki zinazoishikiza stabilaiza. Bushi za poliuretani za SuperPro au Whiteline, wote wa Australia, zinaufanya usukani ujibu upesi. Whiteline wanauza pia stabilaiza nene ya nyuma yenye matundu ya kurekebisha. Forester ina uzito mwingi mbele na tabia ya kukataa kona, yaani kutaka kwenda moja kwa moja ukikata usukani, na stabilaiza hiyo inaipunguza tabia hiyo kuliko shokapu yoyote.

Sasa wauzaji. Niliporudi na shokapu zilizovuja niliulizwa risiti. Siku ya kununua niliiomba, nikaambiwa, "Sista, ukitaka risiti bei ni nyingine." Sheria inamtaka muuzaji atoe risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, na mimi mnunuzi niidai, lakini dukani wanaigeuza kuwa bidhaa ya kuongezea bei. Nilikubali ili niokoe elfu hamsini, nikapoteza laki tatu na nusu. Na hawataki boksi lifunguliwe. Mimi sasa sitoi pesa kabla halijafunguliwa mbele yangu. Nasoma namba kwenye mwili wa shokapu na kuilinganisha na katalogi ya kampuni kwa simu. Nakagua weldi. Excel-G huja chuma chake kimefungwa kimebanwa, na ukikiachia kinapanda chenyewe polepole kwa nguvu ya gesi; kikilala chini kimya, rudisha. Kisha nauliza stopa na kava. Muuzaji akisema "hizo za zamani zinafaa", natoka.

Kwa fundi, simama hapohapo. Shokapu isimamishwe wima na kusukumwa mara kadhaa kabla ya kufungwa, kwa kuwa imelala kwenye boksi miezi. Ile boliti ya juu ya mbele, shokapu inaposhikana na gurudumu, ndiyo inayorekebisha mwinamo wa tairi: aitie alama kabla ya kuilegeza. Boliti za bushi zikazwe mara ya mwisho tairi zikiwa zimegusa chini. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, bushi inabaki imejisokota na itachanika mapema. Halafu alaimenti, yaani kunyoosha tairi, siku hiyohiyo. Fundi wangu wa sasa alinijibu, "Mama, wewe kaa pale kwenye benchi, nitakuita nikifika kwenye kava." Na aliniita kweli, mara nne, gurudumu kwa gurudumu.

Jumapili iliyopita nilipita kona ile ya Soni. Lami bado imebonyea palepale.