Dizeli ya mbono: dumu la kwanza nililisifu, la nne nikalirudisha

Nina mashine ya kusaga hapa Ujiji, Kigoma, ya silinda moja, na kazi yake kubwa ni muhogo mkavu. Tangu Mei nanunua dizeli ya mbegu kwa fundi mmoja upande wa Mwanga, anaipika mwenyewe uani kwenye pipa kwa kuchanganya mafuta ya mbegu na methanoli, aina ya spiriti yenye sumu, pamoja na kostiki ya sabuni kidogo. Jina lake silitaji, maana mengine nitakayosema hayampambi.

Madumu matatu ya kwanza yalikuwa ya mbono kaburi, ile mibono ya uzio ambayo hata mbuzi haigusi. Mafuta maangavu, rangi ya chai nyepesi. Nilizungusha hendeli mara moja ikashika. Moshi mweusi ukapungua mpaka jirani yangu anayeanika dagaa akaniuliza kama nimenunua injini mpya. Ulaji umepanda kidogo: dumu la lita 20 la sheli hunisagia magunia 15, hili linaishia kwenye la 14. Kwa kuwa ananiuzia shilingi 400 pungufu kwa lita, bado napata.

Asichoniambia ni kwamba mafuta haya huosha tangi. Uchafu wa miaka yote uling'oka ukajazana kwenye filta. Wiki ya kwanza nimebadilisha mbili. Mpira wa kurudisha mafuta nao ulivimba ukalegea kama tambi.

Sasa dumu la nne. Lilikuja zito, chini kuna kitu kama uji. Kijana wangu wa mashine akanipigia: "Mama, inakohoa." Nikamfuata fundi. "Mbono zimeisha, mama, nimetumia mawese."

Mawese! Wewe mtu wa Kigoma, unatia kostiki kwenye mawese ya kienyeji halafu unangoja dizeli? Si ndivyo tunavyopika sabuni? Chikichi zinalala siku kadhaa kabla ya kukamuliwa, mafuta yanakuwa na asidi nyingi, na ile kostiki ya kuisaidia methanoli inageuka sabuni yote. Asidi ilitakiwa ipunguzwe kwanza. Tena mawese ni chakula cha watu, bei yake yenyewe mnaijua.

Hela alinirudishia bila ubishi, hilo nampa. Lakini methanoli anaiweka kwenye chupa za maji ya kunywa, na watoto wanapita pale pale. Nilimwambia bila kumung'unya: hiyo inapofua macho, na inaua. Nyota tatu kati ya tano, na moja ningeipunguza kwa hizo chupa.

Siku hizi naenda na kichupa changu. Nusu mafuta, nusu maji, natikisa, naweka chini, napiga soga na mkewe. Yakikaa nusu saa bado meupe kama maziwa, sabuni imo, naondoka. Jumamosi yalijitenga vizuri, maji chini, mafuta juu. Nimebeba madumu mawili, ya mbono.