Nyumba ya ndege wa bluu yenye wavu wa kuzuia funza: nzuri, ila wavu wameuweka chini mno

Nyota nne kati ya tano.

Hii ni nyumba ya ndege ya mbao ya mwerezi, nimeichukua kwenye duka la vifaa vya bustani hapa Ohio kwa dola arobaini na kitu. Ni kwa ajili ya wale ndege wa bluu wenye kifua cha rangi ya kutu, ambao kwa kweli ukiwaona asubuhi jua likiwapiga mgongoni unasahau kazi zako zote. Zipo za bei rahisi kuliko hii, ila hii ina wavu wa chuma juu kidogo ya sakafu na ndo sababu nimeichagua. Nimesoma maoni ya wengine naona wanasifia mbao na mlango tu, wavu hakuna anayeugusa, kwa hiyo mi ntauongelea zaidi.

Kuna nzi huku anaitwa Protocalliphora, jamii ya wale nzi wa kung'aa bluu na kijani tunaowaona kwenye mizoga. Huyu mzoga hana shida nao. Mkubwa wake anakunywa maji matamu ya maua tu, shida ni watoto wake. Anaingia kwenye kiota chenye makinda wachanga anataga humo, mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na funza wanaotoka wanaishi kwa damu ya makinda. Mchana wanajificha chini kabisa kwenye nyasi za kiota, usiku wanapanda wanajibandika tumboni, miguuni na kwenye mabawa ambayo bado hayajaota manyoya, wananyonya wakishiba wanarudi chini. Ndo maana mtu anaweza kufungua nyumba kila siku akaangalia makinda akaona wako poa, kumbe chini yao kuna jeshi.

Kwa watu wa kwetu nzi wa aina hii si wageni kabisa jamani. Yule nzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa, ambaye mama zetu walitupigia pasi hadi soksi kwa sababu yake, ni ukoo huohuo. Na yupo yule funza wa sakafuni, wazee wa Kongo wanamjua vizuri, anatoka usiku kwenye udongo anamnyonya aliyelala kwenye mkeka, ila ukilala kitandani hakupati kwa sababu hawezi kupanda. Wavu wa hii nyumba unafanya kazi ya kitanda. Kiota kinakaa juu ya wavu, funza akishuka kujificha anapenya kwenye matundu anadondoka sakafuni, na kurudi juu inakuwa kazi.

Je inafanya kazi? Ndiyo, kwa sehemu kubwa. Nilipoinua kiota kuangalia chini nilikuta funza sakafuni, wachafu wa rangi ya kijivu, na ukiwaangalia kwa karibu unaona lile tumbo lina wekundu wa giza, hiyo ni damu ya ndege ndani ya ngozi nyembamba, inauma kuangalia. Pembeni kulikuwa na vifuko vya kahawia, wale walioanza kugeuka nzi. Lakini makinda wenyewe walikuwa safi, mmoja tu alikuwa na kigaga kidogo mguuni, midomo wazi wanadai chakula kama kawaida.

Sasa kwenye boksi wameandika kwamba nyumba hii "inazuia nzi", hapo naomba wabadilishe maneno. Nzi anaingia kwa mlango uleule wa ndege, tundu la inchi moja na nusu, hakuna wavu utakaomzuia mama nzi huku ukimruhusu mama ndege. Kinachozuiwa ni funza kukaa karibu na makinda, basi. Mtu akiamini maandishi yale ataacha kukagua, na kukagua ndo kila kitu.

Nyota niliyoikata ni ya urefu wa wavu. Wameuweka kama nusu inchi tu juu ya sakafu. Ndege wakishaleta nyasi zao, nyingine zinapenya zinaning'inia mpaka zinagusa chini, tayari umewajengea funza ngazi. Ingekuwa karibu inchi moja mambo yangekuwa mengine. Najua kuna hasara yake pia, ukipandisha kiota sana makinda wanasogea karibu na tundu na rakuni (mnyama wa usiku wa huku Marekani) anaingiza mkono anawavuta, kwa hiyo nyumba yenyewe ingebidi iwe na kina zaidi. Mbao zipo, ni kuongeza kidogo tu.

Mengine ni mazuri. Mlango wa ubavuni unafunguka kwa skrubu moja, kuna upenyo wa hewa juu, hakuna kijiti cha kutua mbele (vijiti vile vinawasaidia shomoro tu, usinunue nyumba yenye kijiti). Nguzo na bati la kuzuia nyoka na rakuni unanunua mwenyewe, usiifunge kwenye mti.

Kwa mtakaoinunua, kagueni chini ya kiota makinda wakiwa wadogo. Ile tuliyoambiwa utotoni kwamba ukigusa kinda mama yake atamkataa si kweli, mama anarudi. Ukikuta funza wengi, hasa kama kuna baridi na mvua za mfululizo maana hapo makinda wanakuwa dhaifu na damu inayopotea ndo inawamaliza, waweke makinda kwenye bakuli lenye karatasi laini, toa kiota kichafu chote, finyanga kingine cha nyasi kavu zenye shimo katikati, warudishe haraka. Ila makinda wakishafika siku 12 au 13 usifungue tena, wataruka kabla ya wakati na hawataweza kurudi.

Na tafadhali msipulizie dawa ya wadudu mle ndani. Mbali na sumu kwa makinda wenyewe, kuna nyigu mdogo sana anaitwa Nasonia, huyu anatoboa vile vifuko vya kahawia anataga ndani, na watoto wake wanamla nzi kabla hajatoka. Wakati wa baridi wanabaki humohumo kwenye vifuko wakisubiri joto. Kwa hiyo kiota cha zamani mnachosafisha mwisho wa msimu msikichome moto, nzi wazima wameshaondoka zamani, waliobaki ndani wengi ni hao nyigu. Kiacheni mahali pakavu nje mbali na nyumba ya ndege.

Kama tayari una nyumba ya ndege nyumbani huna haja ya hii. Nunua kipande cha wavu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi, kata kwa kipimo cha sakafu, kunja kingo ziwe miguu ya inchi moja hivi, hakikisha hakuna ncha iliyochomoza juu, ingiza kabla ndege hawajaanza kujenga. Inakuja kwa dola chache na inakaa juu kuliko huu wao.